Bei Hutengenezwa Njiani



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, kabla hatujafikia habari za michango, mazungumzo yaliteleza yakaangukia bei za soko. Mmoja wetu alisema kwamba ndakala zimepanda tena, na kwamba wanawake wanaoziuza wamekuwa na moyo mgumu. Wa pili akaongeza habari ya mafuta ya mawese. Wa tatu akaja na mchele. Kwa muda mfupi tulikuwa tumekwisha kuwashtaki wachuuzi wote wa Uvira, kuwasikiliza mashahidi na kutoa hukumu, bila washtakiwa kuwapo.

Kumbe mmoja alikuwapo. Mama mmoja mwanachama wetu, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi na tano amezunguka masoko ya mwambao na ya bonde la Ruzizi, alikuwa ameketi karibu na mlango. Alisubiri tumalize, kisha akauliza: "Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kupita njia hii pamoja nami, tangu mzigo unapofungwa mpaka unapouzwa?" Hatukuwa na jibu. Siku chache baadaye watatu kati yetu walisafiri naye kwenda na kurudi, na tafakari hii imetokana na safari hiyo. Tunaiandika kwa niaba ya chama kizima, kwa sababu hukumu ile ilitolewa na chama kizima.

Nchi inayolishwa na njia

Anayeijua Uvira anajua kwamba mji wetu umebanwa. Upande wa magharibi milima ya Mitumba inapanda kama ukuta; upande wa mashariki ni Ziwa Tanganyika; katikati umebaki ukanda mwembamba ambamo nyumba, barabara na makaburi vinagombea nafasi. Mji wa namna hii hauwezi kujilisha wenyewe. Kaskazini, bonde la Ruzizi hutoa mchele, mahindi, nyanya na vitunguu, kupitia Kiliba, Sange na Luvungi hadi Kamanyola. Kusini, ukiisha kuipita Kalundu, barabara hufuata ufuo kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, na huko hutoka mawese, muhogo na samaki. Nyanda za juu hushusha maharage, jibini na ng'ombe kwa njia ambazo sehemu kubwa hupitwa kwa miguu. Chumvi, sabuni, sukari na vitenge huingia kwa bandari ya Kalundu na kwa mpaka wa Gatumba, kwenye njia ya Bujumbura.

Kila sehemu ina kile ambacho nyingine inakikosa, na anayeziunganisha ni mchuuzi. Vituo vingi vya vijijini vina siku yao ya soko, na mchuuzi hulipanga juma lake kwa kuzifuata siku hizo. Ananunua hapa, anauza kule, na kwa fedha aliyoipata kule ananunua tena kitu cha kuleta hapa. Harudi mikono mitupu, kwa sababu safari ya kurudi bila mzigo ni hasara iliyohakikishwa.

Kazi hii ni ya zamani kuliko mipaka yetu. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi Aprili 1858, wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuwatangulia. Wageni hao walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Hata hivyo wataalamu wa Ulaya waliendelea kubishana, hadi David Livingstone na Henry Stanley walipofika kwenye mlango wa mto mwezi Novemba 1871 na kuliona kwa macho yao jambo ambalo wapiga makasia wa ziwa hawakuwahi kulitilia shaka. Hata Kiswahili hiki tunachosalia na kugombania kililetwa ufukoni kwetu na misafara ya biashara. Lakini tusisahau kwamba misafara ile ilibeba pia pembe na watumwa, na kwamba wale waliokuwa na mzigo kichwani hawakula faida ya mzigo huo. Jambo hilo la mwisho tumelikuta bado njiani.

Siku tulizosafiri

Tulianzia Mboko. Mama alikuwa na kazi mbili huko: kununua mawese kwa wakamuaji aliowazoea, na kununua ndakala zilizoanikwa. Tulidhani kununua samaki ni jambo la kufika na kulipa. Tulijifunza kwamba ni jambo la kutazama mwezi. Ndakala huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazivuti samaki tena, na wavuvi huvuta mitumbwi ufukoni wakapumzika. Ndiyo maana kuna majuma ya wingi na majuma ya uhaba katika kila mwezi. Kisha kuna mvua. Samaki akianikwa mchanganí asubuhi na wingu likamwaga mchana, mzigo mzima unaweza kuoza. Mama alinyanyua ndakala chache, akazivunja kwa vidole, akasikiliza zinavyovunjika, akakataa kichanja kimoja na kukubali cha pili. Sisi tuliotazama hatukuona tofauti yoyote.

Mzigo ulipofungwa tulipanda lori. Nafasi ya mchuuzi ni juu ya magunia, na hulipia mara mbili: nauli yake na nauli ya mzigo. Kina mama walikuwa wanane, wawili wakiwa na watoto wanaonyonya. Njia nzima kila mmoja alikuwa na mkono mmoja juu ya kamba ya gari na mkono mwingine juu ya mali yake. Walizungumza habari za mikopo, za karo, za binti aliyekataa kuolewa. Walicheka sana. Hatukuwa tumetarajia kicheko kile, na tunakiri kwamba kilituaibisha kidogo, maana tulikuwa tumepanda tukiwa na nyuso za huruma.

Bariera ya kwanza ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya vijiti viwili. Dereva alisimama. Kijana mmoja alizunguka gari, akatazama magunia, akamwambia mama:

"Mama, acha ya sukari."

"Mwanangu, juzi nilipita hapa, niliacha."

"Juzi haikuwa zamu yangu."

Akaacha. Hakupewa karatasi. Kamba ikashushwa, tukaendelea. Tulianza kuzihesabu kamba hizo kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vilikwisha kabla hatujaingia Uvira. Katika baadhi ya vituo kulikuwa na risiti ya kweli yenye mhuri. Katika kituo kimoja mama alionyesha risiti ya siku hiyo hiyo, akajibiwa kwamba karatasi ile ni ya ofisi nyingine. Hatutaji mahali wala idara, kwa sababu lengo letu si kumfukuzisha kijana mmoja kazi. Kamba ile ikikatwa leo, kesho itafungwa nyingine hatua mia mbele, mpaka tufikie kinachoifunga.

Tulipita Uvira usiku. Mama alishuka kwa saa chache nyumbani kwake, akawatazama watoto waliokuwa wamelala, akaacha fedha ya chakula chini ya sahani, akarudi garini kabla ya jogoo. Huyu ni binti wa njia. Mama yake mzazi aliingia katika biashara hii baada ya kiwanda cha sukari cha Kiliba kusimama wakati wa vita vya miaka ya 1990, mshahara wa baba ulipokatika. Yeye alirithi wateja, madeni na njia.

Barabara ya bonde ina kumbukumbu zake. Tulipopita Sange, mazungumzo yote juu ya magunia yalikoma bila mtu kutoa amri. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale. Watu walikusanyika, wengine kuchota mafuta, wengine wakiwa katika mabanda ya video wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine alisema tu jina la dada yake. Kisha gari likaongeza mwendo, na baada ya muda mazungumzo yakarudi.

Tulifika Luvungi jioni. Siku ya soko ilikuwa kesho yake. Tukauliza tutalala wapi, na kina mama wakatutazama kwa mshangao: tutalala hapa, juu ya mali. Kuna baraza ya duka ambayo mwenyewe huwaruhusu kwa malipo kidogo. Walipanga magunia ukutani, wakalala mbele yake kwa zamu, mmoja akikesha. Hawakutueleza kwa maneno mengi wanachokiogopa usiku. Wezi waliwataja kwa jina. Yale mengine waliyaacha bila jina, nasi tulielewa.

Asubuhi palikuwa na ushuru wa soko, malipo ya nafasi, malipo ya usafi. Wanunuzi walikuja. Hadi saa sita mchana bei ilikuwa ya heshima. Kuanzia saa nane wingu lilijengeka juu ya milima, na kila mnunuzi aliliona. Ndakala hazirudi na mvua. Hilo muuzaji analijua, na mnunuzi analijua pia. Tulimwona mama akiuza gunia la mwisho chini ya bei aliyonunulia, kwa mtu ambaye alikuwa amesimama kando kwa saa nzima akilisubiri wingu.

Hesabu ya bidoni kumi

Katika safari ya kurudi, juu ya magunia ya mchele, tulimwomba mama atufanyie hesabu. Alifanya kwa bidoni za mawese, kwa maana thamani ya faranga hubadilika lakini bidoni ni bidoni. Katika safari iliyo njema, alisema, ukiuza bidoni kumi, sita hurudisha fedha uliyonunulia. Mbili huliwa na gari na wabebaji. Moja huliwa na bariera na ushuru. Moja hubaki.

Hiyo inayobaki ndiyo karo, dawa, kodi ya nyumba, na mchango wa likelemba ambayo bila hiyo hakuna mtaji wa safari ijayo. Tazameni basi: kamba za barabarani hupata sawasawa na nyumba yenye watoto watano. Na hii ni safari njema. Njia ikiharibika, gari likilala matopeni siku mbili, au bariera mpya ikifungwa, ile bidoni ya kumi hutoweka, na mama amesafiri siku tatu kuwalisha watu asiowajua.

Anafanya nini basi? Anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: anapandisha bei katika safari inayofuata. Kwa hiyo bei tuliyoilalamikia katika mkutano ule haikutoka katika moyo mgumu wa mwanamke. Iliandikwa kidogo kidogo barabarani, kamba kwa kamba, na sisi tuliosoma jumla yake sokoni tukadhani yeye ndiye mwandishi. Mwenye kipato cha kutosha hulalamika na kulipa. Maskini hulalamika na kupunguza chakula. Kila faranga inayoachwa barierani bila risiti hatimaye hutolewa na mtu anayenunua ndakala kwa kopo moja.

Kodi na unyang'anyi

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nasi tulilitoa wenyewe tukiwa garini. Serikali haiwezi kuishi bila kodi. Barabara ya taifa namba 5 haiwezi kujitengeneza. Mvua ikinyesha milimani, vijito hushuka kwa hasira: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa maelfu ya nyumba mjini Uvira, na Aprili 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia majumbani. Nani atajenga madaraja na kuta za mito, kama hakuna anayelipa? Tena, kijana aliyeshika kamba naye ana njaa. Mshahara wake ni mdogo, na mara nyingine huchelewa. Haya yote ni kweli.

Lakini kodi hutambulika kwa alama zake. Ina kiasi kinachojulikana kabla ya safari. Ina karatasi. Ina sanduku ambalo mtu anaweza kuuliza limejaa kiasi gani. Ikilipwa hapa haidaiwi tena pale. Kitu kisicho na hata moja ya alama hizo hakiwezi kuitwa kodi, hata kama anayekidai amevaa sare, na hata kama ana njaa. Wala si jambo la njia yetu peke yake. Mwaka 2017 taasisi ya uchunguzi ya IPIS ya Ubelgiji ilihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, vya majeshi, vya idara za serikali na vya makundi yenye silaha. Nchi yetu ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo tunasikia hotuba nyingi juu ya soko pana linalofika hadi bahari. Tunalipenda wazo hilo. Ila mama anayeshindwa kutoa mawese Mboko na kuyafikisha Luvungi akiwa amebaki na faida, ataliingiaje soko la kufika baharini?

Sisi walei tunayo kumbukumbu nyingine ya kutusaidia. Watoza ushuru na askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kando ya mto wakiuliza wafanye nini, yeye hakuwaagiza waache kazi zao. Aliwataka wa kwanza wasidai zaidi ya kiasi kilichowekwa, na wa pili wasimtoe mtu fedha kwa nguvu, waridhike na mshahara wao. Mwinjili Luka ameyaandika hayo kabla hata Yesu hajaanza kazi yake hadharani. Jambo la barierani, basi, si siasa iliyoingizwa kanisani kwa mlango wa nyuma. Lilikuwapo tangu ukurasa wa mwanzo.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili, maana mama mwenyewe alituomba tusimpambe. Wachuuzi si malaika. Wapo wanaobonyeza kitako cha kopo ili liingie kidogo. Wapo wanaochanganya ndakala za juzi na za leo, na wanaopunguza mawese. Alituonyesha kopo la jirani yake na kucheka. Lakini aliongeza jambo ambalo tumelifikiri sana: "Nikiibiwa njiani mara sita, wa saba nitakayekutana naye ni nyinyi." Hakusema hivyo kujitetea. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi maji yanavyoshuka mlimani.

Mkono wetu wenyewe

Hadi hapa ingekuwa rahisi kufunga tafakari kwa kuwalaani wenye kamba. Lakini jioni ya mwisho, nyumbani kwa mama, alitoa daftari.

Ni daftari la shule lenye jalada la bluu, limefungwa kwa mpira. Humo ameandika wale waliochukua mali kwa mkopo: kopo mbili za ndakala, nusu bidoni ya mawese, mchele wa ubatizo, mchele wa matanga. Hakutusomea majina. Alifungua ukurasa mmoja, akaufunika kwa kiganja, akasema kwamba baadhi ya wenye majina haya hukaa naye katika benchi moja siku ya Dominika. Tulijitambua kabla hajaondoa kiganja. Mmoja wa wajumbe watatu alikuwa na deni la tangu Pasaka.

Bariera hiyo haina kamba wala sare, na kiasi chake ni kikubwa kuliko vile vidogo vya barabarani. Anayedai faranga za sukari hula sehemu ya faida. Anayechukua bidoni nzima na kulipa baada ya miezi sita hula mtaji. Mchuuzi asiye na mtaji hukopa kwa riba kali, au hukosa zamu yake katika likelemba, na mwanamke aliyekosa zamu mara mbili hupoteza uaminifu kwa wenzake. Tunajua mama ambao wameacha biashara kwa namna hiyo. Hawakuangushwa na vita wala mafuriko. Waliangushwa na watu waliowasalimu kwa upole kila asubuhi.

Kuna na jambo la ndimi zetu. Mwanamke anayelala safarini huzungumzwa. Tumesikia mitaani, na tukubali kwamba tumesikia hata katika vikao vyetu, maneno juu ya mwanamke wa njia ambaye hajulikani alilala wapi. Sasa sisi tunajua alilala wapi: juu ya saruji, mgongo ukiwa kwenye magunia, akisubiri zamu yake ya kukesha. Tunaomba radhi kwa maneno hayo, na tunaomba kila mume mwenye mke njiani asilishwe maneno na majirani waliolala vitandani.

Na mwisho, baadhi yetu tuna ndugu wanaosimama barierani. Wengine tunafanya kazi katika ofisi zinazotoa zile risiti, au zisizozitoa. Fedha ya kamba haipotei hewani; huingia nyumba fulani, hununua unga fulani, na pengine hutolewa sadaka. Hatuwezi kuizungumzia kana kwamba ni fedha ya watu wa mbali.

Tunachokubaliana kufanya

Si wote waliokubaliana juu ya yote. Wapo waliotaka tuwahimize kina mama wakatae kwa pamoja kulipa bila risiti. Mama mwenyewe alipinga. Mwanamke mwenye ndakala garini na wingu juu ya mlima hawezi kusimama barierani kutwa nzima akidai haki. Anayesubiri hapotezi kitu, na yeye anapoteza kila kitu. Haifai sisi tulioketi tumpe yeye kazi ya kuwa jasiri kwa niaba yetu. Kwa hiyo tumechagua mambo manne ambayo mzigo wake ni wetu.

La kwanza: kila mwanachama mwenye deni kwa mchuuzi alilipe kabla ya mkutano ujao, au aende kwake kupatana siku ya kulilipa. Deni la soko tulihesabu sawa na deni la chama.

La pili: tutaziandikia parokia zilizo kando ya barabara, kaskazini na kusini, tukiziomba chumba kimoja chenye kufuli kwa usiku wa kuamkia siku ya soko. Kumbi nyingi hukaa tupu usiku. Hatuombi kitanda, tunaomba mlango unaofungwa, taa, na mtu anayejulikana wa kuitwa.

La tatu: tutawaomba viongozi wa maeneo ya Uvira na Fizi, pamoja na machifu, kwamba kila kituo halali kiwe na ubao unaosomeka kwa Kiswahili, ukionyesha kiasi cha kila malipo, na kwamba risiti ya siku moja itambuliwe na kila idara iliyotajwa humo. Ubao haumzuii mwenye bunduki. Lakini utamwezesha mama kujua lini analipa kodi na lini anaibiwa, na utamwezesha mtumishi mwaminifu, maana wapo, kumwonyesha mkubwa wake kitu kilichoandikwa.

La nne: kila mwezi wawili kati yetu, kwa hiari na kwa zamu, tutasafiri na wachuuzi. Tutaandika tulichoona: vituo vingapi, nini kililipwa, karatasi ipi ilitolewa. Hatutaandika majina ya vijana wa kamba. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na daftari letu wenyewe, na tutalipeleka kwa wanaopaswa kulisoma tukiwa na hakika ya kila mstari. Wajumbe watatu wametuambia pia kwamba uwepo wao peke yao ulipunguza madai katika vituo viwili. Macho ya shahidi yana uzito, hata yasiposema.

Tumeongeza jambo dogo ambalo halikuwa katika orodha. Mkutano wetu wa mwezi umekuwa ukiangukia siku ambayo wachuuzi wengi wako masokoni, na kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuuliza kwa nini viti vyao vilikuwa vitupu. Kuanzia mwezi ujao siku imebadilishwa. Mama atakuwapo na daftari lake, na ndilo litakalofunguliwa kwanza.